Upande wa Pili, Wimbo wa Mwisho

Papa Sumaili alivuka daraja la Ruzizi akiwa ameketi mbele ya lori, katoni moja mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayetoka maternité na mtoto. Katoni nyingine zilikuwa nyuma, zimebanwa kati ya magunia ya chumvi na marobota ya vitenge. Modeste, mwimbaji na mpiga gitaa, ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amesimama upande wa Bukavu tangu asubuhi pamoja na wenzake watatu, na walikuwa wamekwisha kununiana, kupatana na kununiana tena juu ya nani ataishika diski ya kwanza.

"Anacheka," alisema Modeste.

"Ule muzee anachekaka ata siku mali yake ikizama mu lac," alijibu Philémon, mpiga besi. "Angalia mikono. Mikono haidanganyake."

Mikono haikuiachia katoni. Mzee aliteremka nayo, akasalimia nayo, akajibu maswali ya forodha nayo. Ofisa mmoja alipouliza ndani mna nini, alielekeza kidevu kwa vijana wanne waliosimama kando ya barabara. "Ni bale pale, chef. Nimebaleta nyumbani."

Miaka ile kila orchestre ya Bukavu ilikuwa na patron wake, mwenye baa au mwenye hoteli, ambaye alinunua gitaa, akanunua suti, kisha akaamua nani aimbe na nani afukuzwe. Orchestre Tetemeko haikuwa na mtu kama huyo. Amisi, mpiga solo, alitengeneza mwenyewe amplifika zao za kukuza sauti kutokana na redio zilizokufa. Ngoma za Jean-Marie zilitoka kwa maskauti, na tasa lake la kupigia lilikuwa kifuniko cha gurudumu la Mercedes. Walipiga muziki wa jerk, gitaa zikinguruma, na wazee wa mtaa wao wa Cimpunda walifunga madirisha walipowasikia wakijaribu mitambo. Nao waliimba Kiswahili cha nyumbani, jambo ambalo watu wa mjini waliliona kichekesho, kwa sababu muziki wa maana ulijulikana kuwa ni wa Kilingala.

Papa Sumaili alikuwa mjomba wa Amisi, mfanyabiashara mwenye ndugu Uvira, Ujiji hadi Mombasa. Alikubali kuupeleka utepe wao Nairobi, kwenye kiwanda cha diski, kwa sharti moja tu: asiitwe patron. "Miye nauza chumvi," alisema. "Nikisikia mutu ananiita patron ya muziki, narudisha mambo yenu ku Ruzizi."

Basi walipanda wote nyuma ya lori, juu ya magunia, hadi dukani kwake Kadutu. Katika chumba cha nyuma palikuwa na mashine ya diski. Mzee alifungua katoni kwa kisu cha kukatia sabuni, akatoa diski kubwa ya mizunguko thelathini na tatu, na hapo hakuna aliyegombana. Kila mmoja alirudisha mikono nyuma kama mwanafunzi anayeonyeshwa kitu cha mwalimu.

Kwenye jalada walikuwapo wao wenyewe, wamesimama juu ya mawe ya ufukwe, ziwa nyuma yao. Chini yaliandikwa majina ya uhalisia, yale ya Kiafrika badala ya yale ya ubatizo, kama serikali ilivyotaka. Hakukuwa na Modeste pale, kulikuwa na Cirhuza. Jean-Marie alisoma jina lake mara mbili kabla ya kujitambua.

"Maman yangu atauliza huyu Balagizi ni mutoto wa nani," alisema.

"Mwambie ni ule anakulaka kwake bure," alijibu Amisi, akashusha sindano.

Gitaa yake ikatoka. Si kama walivyozoea kuisikia, imechanganyika na mbwa wa jirani na mafuta yanayokaanga, bali peke yake, safi, kali, kana kwamba mtu amefungua mlango wa jua ndani ya chumba kile. Philémon aliketi juu ya ndoo. Jean-Marie alianza kucheka na hakuweza kujizuia, akicheka kila tasa lilipolia, kwa sababu lilikuwa ni lile la Mercedes na halikujificha. Modeste alisikia sauti yake mwenyewe ikiingia, akaona aibu, kisha fahari, kisha njaa ya kusikia zaidi. Wateja waliacha kupima chumvi wakaja kusimama mlangoni.

Walipogeuza upande wa pili, Amisi alikunja uso. "Iko inaenda mbio kidogo, ao ni moyo yangu?"

"Ni moyo yako," alisema Philémon.

Wimbo uliofuata ulikwenda mbio zaidi. Halafu ukaja wa mwisho, ule Modeste aliokuwa akiungoja tangu Papa Sumaili aondoke, na Modeste hakuutambua. Gitaa zilikuwa zikirukaruka kama mbuzi. Ngoma zilikimbia. Na juu ya mbio hizo kulikuwa na sauti nyembamba, nyepesi, ya msichana, ikiimba maneno yake.

*Nabintu, kimbia, maji haingoji mutu.*

Mlangoni wateja walikwisha kuanza kucheza. Mwanamke mmoja alitua beseni lake apate kucheza vizuri.

"Bameharibu," alisema Modeste. "Ku Nairobi bameharibu."

Kosa halikuwa la Nairobi, na Amisi ndiye aliyeligundua, akiwa amekaa chini na kichwa mikononi, akiikumbuka siku ya kurekodi.

Siku ile padri mmoja aliwaazima mashine aliyorekodia kwaya, kwa siku moja tu, na asubuhi ileile umeme ukakatika mji mzima. Hawakukata tamaa. Amplifika waliziunga kwenye betri ya lori, na mashine ya kurekodi ikawekwa majiwe mapya, yale ya tochi. Padri aliwaonya kwamba majiwe yangetosha kurekodi, basi, wasiyachezee. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujisikia. Walipomaliza wimbo wa kwanza walirudisha utepe nyuma wasikilize, na ilikuwa tamu mno, wakarudisha tena. Wimbo wa pili hivyohivyo. Jean-Marie aliomba asikie tena mahali alipopiga tasa. Philémon aliomba asikie tena mahali ambapo Jean-Marie hakupiga. Kufika alasiri walikuwa wamejisikiliza zaidi kuliko walivyopiga.

"Majiwe yalikuwa yanachoka," alisema Amisi. "Mashine ikaanza kuzunguka polepole. Sisi tukapiga sawasawa, yeye akatuandika mu utepe mufupi. Ku Nairobi bakatupitisha mu mashine yenye nguvu, tukatoka mbio."

"Lakini tulijisikiliza," alisema Philémon. "Haikukuwa mbio."

"Sababu ilikuwa inachoka kotekote. Kuandika, kuchoka. Kutusikilizisha, kuchoka vilevile. Nani angejua?"

Papa Sumaili aliyasikiliza maelezo haya yote huku akitazama mlangoni, ambapo watu walizidi kuongezeka. "Mumemaliza?" aliuliza. "Sasa murudishe ile ya mwisho. Hawa batu bako banaitaka."

"Tonton, ile usiiuze," alisema Modeste. "Nakuomba."

"Mutoto wangu, nikate kipande ya diski na kisu?"

Modeste alikitazama kisu. Ule wimbo haukuwa wimbo kama nyingine. Ulikuwa wa Valérie, dada yake, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Nabintu. Alikuwa amekufa karibu mwaka mzima uliopita, kwa ugonjwa wa kifua. Katika wiki zake za mwisho hospitalini alimwimbia Modeste wimbo ule, aliokuwa ameutunga mwenyewe, polepole, neno moja kisha kupumzika, neno jingine kisha kupumzika. Modeste aliubeba vilevile ulivyo. Aliuweka mwisho wa siku ya kurekodi kwa sababu aliogopa kwamba akiuimba mapema hataweza kuimba nyingine.

Na alikuwa amemwahidi mama yake. Tangu kilio, Maman Constance alivaa kitambaa cheusi, na redio ya nyumbani aliifunika nguo, akaigeuzia ukutani. Hakuna muziki uliovuka mlango ule. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa siku ya kutosha kilio, kuondoa matanga: angeoga, angevua nyeusi na kuvaa kitenge kipya mbele ya jamaa, na muziki wa kwanza kuingia tena nyumbani ungekuwa wimbo wa Valérie, kutoka kwenye diski ya kaka yake. Maman Constance alikuwa amekubali jambo hilo kwa shida. "Kama ni ile ya polepole," alikuwa amesema, "nitavumilia." Sasa angesikia mtoto wake akichezwa kwa mabega na viuno kwenye duka la chumvi.

Diski hazikukaa dukani. Kabla ya juma kwisha Papa Sumaili alikwisha kutuma habari Nairobi wapige nyingine. Redio ya mji iliipiga asubuhi, ikaipiga mchana. "Citoyens, citoyennes, vijana wetu wa Kadutu," alisema mtangazaji, naye hakuchagua wimbo wa kwanza wala wa pili. Baa za Nyawera zilifungua mlango wa mbele ili wapitao wasikie. Dereva wa Fula-Fula alisimamisha gari katikati ya mlima wa Kadutu amalizie ubeti, na abiria hawakulalamika. Wasichana wa lycée walizua mchezo wake: unakimbia mahali pamoja, beseni la kujifanya kichwani, halafu unageuka ghafla kumtazama anayekufukuza. Mpaka Luberizi, walisema waliotoka huko, wavunaji wa mpunga walikuwa wakiuimba.

Modeste alipita mjini watu wakimshika mkono. Mwanamume mzima, karani mwenye tai, alimzuia mbele ya posta amuulize kama ni kweli yeye ndiye Cirhuza. Alifurahi, hangeweza kusema kwamba hakufurahi. Alifurahi mpaka usingizi ukamkimbia. Lakini kila alipokaribia nyumbani Cimpunda alipunguza mwendo. Alianza kufunga madirisha upande wa bonde, ambako Bibiane alikuwa na baa yake.

"Joto," alilalamika mama yake.

"Vumbi, maman."

"Vumbi gani na hii mvua?"

Ijumaa walijaribu mitambo nyuma ya duka, na Modeste akashikilia kwamba kesho, mbele ya mama, watapiga kama walivyopiga siku ile, polepole, na diski ibaki kwa Papa Sumaili. Walianza. Watu waliokuwa wamejazana ukutani walisikiliza ubeti mmoja kwa adabu.

"Eh, bandugu," aliita mmoja, "mulikunywa nini? Hiyo siyo yenyewe."

"Muwape majiwe mapya," alisema mwingine, kwa kuwa habari ya majiwe ilikwisha kuenea Kadutu nzima.

Walijaribu mbio, mbio ya diski, na vidole vya Philémon vikachanganyikana. Amisi alilegeza na kukaza nyuzi mpaka zikalingana na ile sauti ya diski, ambayo haikuwa sauti kamili ya chombo chochote, ilikuwa imesimama kati ya noti na noti. Ngoma zilifika. Gitaa zilifika. Koo la Modeste halikufika. Alipopanda kuifuata ile sauti nyembamba alitoa mlio wa jogoo anayejifunza kuwika, na ukuta mzima ukacheka, naye akacheka nao. Kisha akaenda nyumbani akiwa na uzito moyoni.

Aliikuta redio imegeuzwa. Haikuwa inatazama ukuta tena, ilitazama chumba, na nguo iliyoifunika ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti. Maman Constance alikuwa ameketi mbele yake, beseni la sombe, majani ya muhogo, miguuni, halijaguswa.

"Kaa, Modeste."

"Maman, nilikuwa nitakueleza..."

"Nimesema kaa. Nilipita kwa Bibiane. Nani ule mutoto mwanamuke anaimba pale?"

"Ni miye, maman."

"Sauti yako naijua, ni miye nilianza kuisikia mbele ya batu bote. Ile si yako."

Akamweleza. Mashine ya padri, umeme, majiwe, Jean-Marie na tasa lake. Alieleza macho yakiwa chini, akingoja. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilisimama mu barabara," alisema. "Nilisahau naenda wapi. Bibiane akatoka akanishika, akafikiri nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia aniache, ninasikiliza mutoto wangu. Modeste, ile wimbo, weye uliisikia wapi?"

"Ku hospitali. Aliniimbia pale."

"Ku hospitali." Alitikisa kichwa polepole. "Ule mwaka aliitunga weye ulikuwa ku masomo, ku internat. Haukukuwa hapa. Maji ya robinet, ile bomba ya kule chini, ilikuwa inakatika mapema, na dada yako, unamujua, alikuwa anakumbuka maji kisha bengine bamerudi. Anakamata ndoo, anashuka ule mulima mbio, anaimba yeye mwenyewe anajicheka. *Nabintu, kimbia.* Tulikuwa tunamusikia kutoka hapa mpaka kule chini. Jirani banasema, ah, yeye ule, amechelewa tena."

Modeste aliinua macho.

"Ile ya polepole ilikuwa ya pumzi," alisema mama yake. "Hakukuwa tena na pumzi. Miye nilikuwa pale, niliisikia, sikukuambia. Niliona unaipenda vile. Lakini kila mara ukiijaribu hapa nyumbani, nilikuwa naona kitanda. Leo kwa Bibiane nikaona mulima na ndoo."

Alivuta beseni karibu akaanza kuchambua majani, haraka haraka. "Kesho ninataka ile ya diski."

"Sauti yangu haifike pale, maman. Nimejaribu. Batu bamecheka."

"Basi weye unyamaze. Piga gitaa. Umuache yeye aimbe."

Ndivyo ilivyofanyika. Jumamosi mchana uwanja mdogo wa Maman Constance ulijaa mpaka watoto wakaketi juu ya paa la jiko. Jamaa walikuja hata kutoka Mudaka, wamebeba ndizi na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mama alioga, akavua nyeusi, akatoka mlangoni na kitenge cha manjano ambacho kilimfanya aonekane kama mtu aliyerudi safarini. Padri alisali sala fupi. Papa Sumaili aliileta mashine ya diski mwenyewe, akaiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma ya meza, waya zao zikipita dirishani, walisimama Tetemeko, nyuzi zimekazwa hadi ile sauti isiyo ya chombo chochote.

"Munifuate vizuri," alisema Amisi. "Diski haitatungojea."

Sindano ikashuka. Waliingia pamoja nayo kama watu wanaorukia gari linalokwenda, Philémon nusura abaki chini, Jean-Marie akamvuta kwa ngoma. Halafu sauti ikaingia. Modeste alifunga mdomo. Alikuwa amesimama na gitaa yake, na kando yake, juu ya kitambaa cheupe, dada yake alikuwa akishuka mlima na ndoo, akijicheka. Mashangazi wa Mudaka walioanza kulia walijikuta wanalia huku miguu inakwenda. Ng'ambo ya bonde, kwa Bibiane, watu walitoka na glasi zao mkononi, wakacheza huko huko.

Ubeti wa mwisho haukuwa umefika wakati umeme ulipolegea. Diski ilianza kuzunguka kwa uzito. Ile sauti nyembamba ikateremka, ikateremka, ikawa sauti ya kijana, ikawa sauti ya Modeste kabisa, nzito, polepole, kama siku ile ya kurekodi. Kisha ikazimika, na gitaa zikazimika nayo. Jean-Marie peke yake aliendelea, kijiti kwenye kifuniko cha Mercedes, akimtazama Modeste.

Modeste alifungua kinywa, na pumzi iliyomjia ilikuwa ile aliyoizoea, ya kitandani, neno moja kisha kupumzika.

"Nabintu..."

Kabla hajafika neno la pili Maman Constance alikuwa amefika mbele yake, kitenge cha manjano kimekazwa kiunoni, akipiga makofi karibu na uso wake, mbio kuliko ngoma, mbio kuliko diski.

"Apana hivyo," alisema. "Maji itakatika. Kimbia."

Modeste akakimbia. Aliimba kwa sauti yake mwenyewe, chini kule ilipo, bila kujaribu kupanda, na juu yake mama yake alishika ile sauti nyembamba, ambayo Modeste hakuwahi kujua kwamba alikuwa nayo. Mashangazi waliidaka, watoto wa juu ya paa waliidaka, kwa Bibiane wakaijibu. Umeme uliporudi diski ilianza kujivuta yenyewe juu ya meza, ikawakuta wamekwisha kuipita, na Papa Sumaili akanyoosha mkono akaiinua sindano, aiweke kando, wasisumbuliwe.